Mstari wa Mwisho wa Andalio la Somo

Nimefundisha shule za msingi miaka kumi na mitatu, na uongo uliopangwa vizuri kuliko wote nimeusoma kwenye maandalio ya somo. Unakaa chini kabisa ya ukurasa, kwenye mstari wa tathmini, pale ambapo mwalimu anatakiwa aandike, baada ya kipindi kwisha, kama watoto wameelewa au hawakuelewa. Walimu wengi huandika "somo limeeleweka vizuri", na wengi wao huandika hivyo kabla hawajaingia darasani. Mimi nilifundishwa kuandika ukweli kwenye mstari ule. Aliyenifundisha ndiye aliyeuchukua ukweli huo akanimaliza nao, na mpaka leo nikimkumbuka moyo unanichemka.

Sitamtaja jina. Babati watu wanajuana, na wapo wanaompenda kwa haki kabisa. Nitamwita dada, kama nilivyomwita wakati ule, ingawa kwa umri alikaribia kuwa mama yangu mdogo.

Nilikuja kutoka Njombe, ajira mpya, na begi moja na godoro lililofungwa kamba. Shule ilikuwa pembeni ya mji. Yeye alikuwa mwalimu wa taaluma, yaani anayesimamia ufundishaji na kusaini maandalio yetu kila Jumatatu asubuhi. Siku ya kwanza tu aliniuliza nalala wapi. Nikamwambia gesti, karibu na stendi.

Akaguna. "Mwalimu wa kike halali gesti mwezi mzima, mdogo wangu. Twende nyumbani."

Nikakaa kwake Bagara miezi mitatu, kwenye chumba cha mwanawe aliyekuwa chuoni. Nilikula makande yake, nikanywa maziwa ya ng'ombe wake, wala hakunidai hata kipande cha sabuni. Nayasema haya mapema kwa sababu mtu asiyekufaa kitu hawezi kukusaliti. Atakuudhi tu, basi.

Hata nilipopata chumba changu, mtaa wa Nakwa, Jumapili baada ya ibada nilikuwa narudi pale. Walimu wanne watano tulikutana sebuleni kwake, kila mmoja na daftari lake kubwa, tukaandika maandalio ya wiki nzima huku chai ya maziwa ikizunguka. Nisiwaongopee, ilikuwa kazi ya kunakili zaidi kuliko kufikiri. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakaandika. Umahiri ni huu, lengo ni hili, zana ni hizi, utangulizi dakika tano, na tukifika chini tunajaza na tathmini, Jumapili hiyohiyo, ya kipindi cha Alhamisi ijayo. Wengine walijaza mpaka idadi ya watoto waliohudhuria.

Kuna mwaka mwalimu mmoja wa kiume alijaza hivyo, na siku ya kipindi chenyewe ukaja ugeni wa mkoa. Shule nzima ilipelekwa barabarani kupunga majani tangu asubuhi mpaka saa nane. Andalio lake la Jiografia likaonyesha watoto wote wamehudhuria na somo limeeleweka vizuri. Tulimtania kwa hilo muhula mzima, tukimwomba atufundishe jinsi ya kufundisha darasa lisilokuwa na watu.

Dada alikuwa anacheka nasi, lakini kwangu hakukubali mchezo huo. Wenzangu walipoondoka alinizuia nibaki, akavuta daftari langu, akalipitia na kalamu nyekundu. Alianza na lengo. Nilikuwa nimeandika, kama tulivyozoea chuoni, kwamba mwanafunzi aelewe sehemu, yaani nusu na robo. Akalikata.

"Kuelewa utakuona wapi?" aliniuliza. "Kuna mtoto anaelewa huku anasinzia, na kuna mwingine amekukodolea macho hajui kitu. Andika jambo atakalolifanya ukaliona."

Nikaandika upya: mwanafunzi aweze kugawa kitu kimoja katika nusu na robo, na kuonyesha ipi ni kubwa. Akasema sawa, na liwe hilo moja. Dakika arobaini zikiisha na mtoto ameweza jambo moja, mshukuru Mungu, usitafute matatu.

Kisha akanionyesha safu mbili za katikati, kazi za mwalimu na kazi za mwanafunzi. Safu ya mwalimu niliijaza mpaka ikafurika. Safu ya mwanafunzi ilisema kusikiliza, kusikiliza, kusikiliza.

"Hapa unahubiri. Hata mchungaji huwaachia watu waimbe."

Kwenye zana aliniambia nisiandike nisichoweza kukibeba mkononi, kwa sababu nusu ya chati zinazotajwa kwenye maandalio ya nchi hii hazijawahi kuchorwa. Na tulipofika chini, kwenye ule mstari wa mwisho, aliweka kalamu mezani.

"Huu usiujaze leo. Ujaze ukitoka darasani, na chaki bado iko mikononi. Nesi anaandika joto la mgonjwa kama lilivyo, haandiki anavyotaka liwe. Andika waliokwama na walipokwamia, halafu uandike kesho utafanya nini. Usiogope. Anayesoma ni mimi peke yangu."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Mwaka ule nilipewa darasa la kwanza, watoto sabini na wanne, wengine hawajawahi kushika penseli. Pale shuleni ilikuwa desturi mwalimu kupanda na darasa lake. Unawapokea la kwanza, unaenda nao la pili, la tatu, mpaka la nne ambako kuna upimaji wa taifa, na hapo ndipo kazi yako inapoonekana. Nilitaka kitu kimoja tu, kuwafikisha wale watoto la nne kwa mikono yangu. Sikuwa na mume wakati huo, sikuwa na mtoto, na ndugu zangu walikuwa mbali. Wale sabini na wanne walikuwa ndio watu wangu wa Babati.

Mstari wa mwisho ukawa kama barua baina yangu na dada. Niliandika nikiwa nimesimama kwenye veranda, daftari nimeliegemeza kwenye dirisha. Jumatatu likarudi na maneno mekundu pembeni. Nikiandika kwamba watoto wa nyuma wanasoma namba kwa kufuata sauti za wenzao, yeye anajibu: waite mmojammoja, mwanzo wa kipindi. Nikiandika kwamba mtoto fulani wa Sigino anafika amechoka kwa mwendo, vipindi vya asubuhi havimwingii, yeye anajibu: mpe kazi ya kusimama. Nilijua kila mtoto amekwama wapi. Najua walimu wenye miaka thelathini kazini ambao hawajui hilo, na sisemi kwa majivuno.

Darasa la tatu tukafika kwenye sehemu. Nilichora duara ubaoni nikaligawa, nikauliza ipi kubwa, nusu au robo. Darasa zima likanguruma: robo! Sababu yao ilikuwa nzuri tu. Nusu ina mbili chini, robo ina nne, na nne ni kubwa kuliko mbili. Nikaeleza tena, nikachora tena, nikapandisha sauti kama vile tatizo lilikuwa masikio. Kengele ikagongwa. Nikaandika: "Wengi wanasema robo ni kubwa kuliko nusu. Nimeshindwa kuwatoa hapo, kesho narudia kwa vitu vya kukatwa." Sikungoja Jumatatu, nikampelekea dada daftari siku hiyohiyo, naye akaandika pembeni: jaribu miwa.

Kesho yake nikapita sokoni asubuhi, nikaingia darasani na miwa sita na kisu. Niligawa muwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili kati ya wanne, nikawaita mbele waonyeshe walichopata. Ukimya ukaingia, ule ukimya ambao mwalimu anaujua. Msichana mmoja wa mbele, aliyeshika kipande kidogo, akasema kwa uchungu wa kweli, "Mwalimu, kumbe mkiwa wengi mnapata kidogo!" Zana zote zililiwa kabla ya kengele, na mwalimu mkuu alilalamika kuhusu makapi. Mimi niliandika kwa furaha kwamba waliokwama wamebaki saba, na nikawataja.

Mwishoni mwa mwaka huo ofisi ya kata ikaomba kila shule ipeleke jina la mwalimu mmoja anayehitaji kusaidiwa katika ufundishaji, na ushahidi wake. Sikujua. Nilichojua ni kwamba kikao cha kugawana masomo kilifanyika Januari, nikaenda nimevaa vizuri, nikiwa nimeshanunua madaftari mapya ya darasa la nne.

Mwalimu mkuu akasoma orodha. Hisabati darasa la nne, akamtaja dada. Mimi nilipewa Sanaa na Michezo, darasa la tano na la sita. Akaongeza kwamba kwa upande wangu uongozi umeona nipunguziwe mzigo huku nikisaidiwa. Walimu wakatazama meza. Dada alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, na alikitafuta mpaka kikao kikaisha.

Nilimfuata mwalimu mkuu ofisini. Sikuwa na adabu sana, nakiri. Nilimuuliza nimekosa nini. Alifungua faili akanisukumia karatasi. Ilikuwa na mwandiko wa dada, ule ninaoujua kuliko wa mama yangu. Alikuwa ameandika tarehe saba, na mbele ya kila tarehe maneno yangu mwenyewe. "Watoto wa nyuma wanafuata sauti za wenzao." "Wengi wanasema robo ni kubwa kuliko nusu. Nimeshindwa kuwatoa hapo." Chini yake aliandika kwamba mwalimu mwenyewe anakiri mara kwa mara kuwa somo halieleweki.

"Maneno ni yako au si yako?" mwalimu mkuu aliuliza.

Yalikuwa yangu. Nilisoma karatasi ile mara mbili nikitafuta neno kesho, na halikuwepo hata mahali pamoja. Kila sentensi aliikata pale nilipoanza kusema nitafanya nini. Miwa haikuwepo. Maneno yake mekundu hayakuwepo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakipelekea daftari kila Jumatatu.

Nilitoka nikaenda chooni nikalia, halafu nikanawa uso nikafundisha darasa la tano kufuma vikapu.

Jumapili mbili sikwenda Bagara. Ya tatu nikaenda, saa tisa alasiri, nikiwa nimepanga maneno njiani. Nilimkuta peke yake anapepeta maharage uani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu, vuta kigoda."

Nikakataa kukaa. Nikamuuliza kwa nini. Hakujifanya hajui, na hilo namsifu.

"Walitaka jina na ushahidi," alisema bila kuacha kupepeta. "Nilipitia madaftari yote. Ya wenzako yote yanasema somo limeeleweka. Yote! Ningechukua nini mle? La kwako ndilo pekee lililokuwa na cha kuandika."

"Na ile nusu ya pili ya sentensi zangu?"

Ungo ukasimama. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Tangu nianze kazi, kila darasa la nne nililopewa lilikuwa limeshaharibiwa na mtu. Sijawahi kuitwa mbele kwa ajili ya matokeo, hata siku moja. Lile darasa lako litafanya vizuri. Wewe bado kijana, utapata lingine."

Ningependelea aseme ananichukia. Chuki ingenipa mahali pa kushika. Alinitazama kama mtu aliyeomba chumvi kwa jirani, akasubiri nimwelewe. Nilimwambia amenifanyia unyama, kwamba alinifundisha kuvua nguo mbele yake ili aende kuzionyesha sokoni. Sikuaga. Njia nzima mpaka kwangu nilikuwa naongea peke yangu, na watu wa bodaboda wakanipisha.

Mwaka ule niliandika "somo limeeleweka vizuri" kila siku, Jumapili, nyumbani kwangu, peke yangu. Ilichukua nusu saa kumaliza wiki. Mwezi wa tatu mwalimu mkuu alinisimamisha koridoni akanipongeza, akasema anaona mabadiliko makubwa. Nilimshukuru. Nilikuwa sijui hata majina ya nusu ya watoto wa darasa la tano.

Watoto wangu walikuwa chumba cha pili kutoka kwenye mlango wangu. Mwanzoni waliponiona walikuwa wananikimbilia na madaftari, na mimi nikawaambia waende kwa mwalimu wao. Baadaye wakaacha.

Ilipofika Mei, wakati baridi inaanza, dada alikuja kwangu Nakwa. Hakuwahi kufika pale. Alibeba maziwa kwenye kidumu, akayaweka chini, akakaa kabla sijamkaribisha. Alionekana amezeeka ghafla.

"Wamenishinda," alisema. "Kuna kundi halitikisiki. Nikiwauliza wananitazama tu. Mdogo wangu, nipe yale madaftari yako ya nyuma."

Nikadhani nimesikia vibaya. Alirudia. Alitaka madaftari yangu ya maandalio, ya miaka yote mitatu, yale ambamo alinyofoa mistari saba akanizika nayo. Mwandiko wangu ndio uliojua nani amekwama wapi.

Nilikuwa nayo chini ya kitanda. Nilikuwa nimepanga kuyawashia jiko, ila kila nikitaka kuyachoma nalifungua moja nasoma, na ikishakuwa hivyo huchomi tena. Nilimwambia asubiri. Niliingia ndani nikakaa kitandani nayo mapajani. Nilitaka sana kumnyima. Nilitaka aanguke mbele ya wazazi na ofisi ya kata, na miaka miwili yake iishe kwa aibu. Sitaki kujifanya nilikuwa na moyo mwema, kwa sababu sikuwa nao. Lakini nililifungua la darasa la tatu, nikakuta majina saba, yule wa Sigino akiwamo, na wale saba hawakuwa wameninyofoa mistari.

Nikampa yote matatu. Hakusema samahani. Alisema, "Asante, Mwalimu," na ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo. Maziwa yake niliyamwaga nyuma ya nyumba, nikajuta, kwa sababu maziwa hayana kosa.

Tangu hapo niliona kupitia dirisha lile darasa likibadilika. Wa nyuma waliitwa mmojammoja mwanzo wa kipindi. Siku moja niliona mabua ya mahindi yamekatwa vipande juu ya madawati. Yule wa Sigino alisimama pembeni ya ubao akishika rula ndefu, kazi yake ikiwa kuwaonyeshea wenzake. Nilimpenda dada kwa dakika moja pale dirishani, kisha nikamchukia zaidi.

Matokeo yalipotoka, darasa lile lilifanya vizuri kuliko darasa lolote ambalo shule ile iliwahi kulipeleka kwenye upimaji. Likaitishwa kusanyiko la wazazi uwanjani, asubuhi, jua kali. Watoto walikaa mbele chini, sisi walimu kwenye viti kando. Wazazi wakamwita dada mbele, wakamvika kitenge mabegani, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja, baba wa mmoja wa wale saba, alimshika mikono yote miwili. Dada alilia. Machozi yalikuwa ya kweli, nadhani aliyangoja tangu aanze kazi.

Wakamwomba aseme neno. Alijifuta kwa ncha ya kile kitenge.

"Mimi sina siri," aliwaambia. "Niliwasoma watoto wenu mmoja baada ya mwingine. Nilijua kila mtoto amekwama wapi."

Uwanja ukalipuka. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Nikaona watoto wa mbele, wanane tisa, wamegeuza shingo. Hawakuwa wanamtazama yeye, walikuwa wananitazama mimi, na yule msichana wa muwa alikuwa amenyanyua nyusi kama anayengoja jibu.

Nikatoa mikono, nikapiga makofi.